Mimi ni Mzima, Bwana Wakili

Pini ilikuwa ya chuma, ndefu kama kidole, na Limpho aliibana kwa meno huku akilikunja blanketi kifuani mwa mama yake.

"Inua kidevu."

"Nimekiinua."

"Kiinue tena, mama. Nikikuchoma utakwenda kumwambia wakili ni lori."

Mama Limpho alicheka kidogo, kicheko cha puani, kisha akanyamaza kwa sababu kucheka kulimfika begani. Tangu siku aliyoolewa hadi mwezi Machi mwaka huu blanketi, vazi la kila mama wa Kisotho, alikuwa akijifunga mwenyewe, hata gizani, hata akiwa na mtoto mgongoni. Sasa mkono wake wa kulia ulipanda mpaka usawa wa kitovu ukaishia hapo. Ndani ya bega mlikuwa na misumari sita. Daktari alimwonyesha kwenye picha, myeupe, imepangwa kama meno ya reki.

Walishuka hadi Maputsoe, mji wa Lesotho ulio mpakani na Afrika Kusini, kwa miguu, polepole, kwa kuwa teksi zilimrusharusha. Ofisi ya Wakili Phafoli ilikuwa juu ya duka la samani, na ngazi zilikuwa ishirini na moja. Mama Limpho alizihesabu kwa sababu kila moja ilimdai kitu.

Wakili alikuwa na simu mbili mezani, zote zikiita. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, mchangamfu, mwenye haraka.

"Habari njema kwanza," alisema. "Lori wamelikubali. Dereva aliliacha kwenye foleni ya mpakani bila kuvuta handbreki, akaenda kugongesha pasipoti muhuri, likarudi nyuma likakukuta mezani kwako na maandazi yako ya makwenya. Hilo halina ubishi. Ubishi ni wewe."

"Mimi?"

"Mwili wako, mama. Umeumia kiasi gani, utaendelea kuumia mpaka lini. Daktari anasema upasuaji wa pili ufanyike Bloemfontein kabla ya mwaka kwisha, la sivyo bega litaganda hivyo lilivyo. Upasuaji ni maloti elfu sitini. Tunataka watu wa bima ya lori waulipe. Na hawatalipa mpaka waone unavyoishi."

Akafungua droo akatoa daftari la shule, la kurasa mia mbili, lenye jalada la buluu.

"Hili utaliandika kila siku. Umeamkaje, umemeza dawa gani, kitu gani umeshindwa kufanya. Hata kidogo namna gani. Usiruke siku hata moja."

Mama Limpho alilipokea kwa mkono wa kushoto, akainama kidogo kuomba radhi kwa kupokea kwa mkono huo.

"Namwandikia nani, bwana wakili?"

Simu moja ilikuwa imeanza tena. Wakili aliinua mkono wa simu, akauziba kwa kiganja.

"Niandikie mimi tu, mama. Andika kama unaniambia mimi."

Ilikuwa tarehe kumi na saba Juni.

Kuandika hakukuwa kitu kigeni kwake. Kwa miaka kumi na mmoja alimwandikia mumewe kwenye migodi ya dhahabu huko Welkom, barua moja kila mwisho wa mwezi, na zile za mwanzo aliziandika huku mama mkwe amesimama nyuma ya kiti chake. Kwanza salamu. Kisha salamu za watu wa nyumbani, kila mtu kwa jina. Kisha mvua na mifugo. Ndipo, kama kuna neno zito, liwekwe mwishoni, kwa upole.

"Yuko chini ya mwamba yule," mama mkwe alikuwa akimwambia. "Ukimtia wasiwasi, jiwe litamkuta akikuwaza wewe. Mwanzo wa barua ni afya. Hata kama unaungua, mwanzo ni afya."

Ndivyo alivyoandika hata mwaka ule mimba ilipoharibika. Sisi sote ni wazima, tungefurahi kusikia kwamba nawe ni mzima. Mvua zimechelewa. Ng'ombe mwekundu amezaa. Yule tuliyekuwa tunamsubiri hakukaa.

Mumewe alirudi baadaye na kifua kibovu, akafa nyumbani, na barua zile zilikutwa kwenye sanduku lake la bati, zimefungwa kwa uzi wa kiatu.

Kwa hiyo jioni ile, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko la mafuta ya taa, Mama Limpho aliliweka daftari juu ya goti akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba kama za mtoto wa darasa la kwanza:

*Bwana Wakili Phafoli, mimi ni mzima, ningefurahi kusikia kwamba nawe na watu wa nyumbani kwako ni wazima. Leo Limpho alinifunga blanketi. Ugali sikuweza kuusonga, mwiko uliniponyoka. Nililala nimekaa. Nisikuchoshe. Ni mimi, Mama Limpho.*

Ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza alikuwa na jasho, na palepale akaona haya kidogo kwa lile la mwiko, akadhani amelalamika mno.

Limpho alirudi na ndoo ya maji akamkuta akilifungia daftari ndani ya kitambaa cha kanisani.

"Nione ulichoandika."

"Barua ya mtu haisomwi."

"Si barua, mama, ni daftari la maumivu."

"Nimeambiwa nimwandikie wakili. Wewe ni wakili?"

"Ningekuwa wakili tungekuwa tunakula nyama."

"Basi siku ukila nyama utalisoma."

Limpho alikuwa na miaka ishirini. Mwezi Februari alikuwa ameanza chuo cha ualimu, na mwezi Aprili alikuwa ameacha, bila mtu yeyote kutamka neno kuacha. Sasa alikuwa akiamka alfajiri kukaanga makwenya na kuyapeleka mpakani. Mama yake aliketi kando ya beseni akimwelekeza kwa maneno kile ambacho mikono yake ilikuwa ikikijua bila maneno.

"Donge limekaza."

"Halijakaza."

"Nalisikia linavyolia. Ongeza maji ya uvuguvugu. Siyo hivyo! Kidogo, mtoto, humwogeshi mtu."

Madereva walinunua, lakini walisema. Mmoja alimuuliza Limpho kama siku hizi wanaweka saruji. Limpho alilileta neno hilo nyumbani kama utani, na Mama Limpho akacheka. Siku iliyofuata alijaribu kukanda mwenyewe kwa mkono wa kushoto, beseni likapinduka, na unga wa siku nzima ukaishia kwenye mkeka. Usiku ule aliandika: *Mimi ni mzima, ningefurahi kusikia kwamba nawe ni mzima. Leo unga ulimwagika. Kosa ni langu.*

Jirani yao, Mathakane, mjane kama yeye, ndiye aliyekuwa amehamia kwenye nafasi ya Mama Limpho pale mpakani, penye kivuli cha ukuta; Limpho aliuza akitembea kati ya malori. Kila asubuhi alipita na ndoo yake ya makwenya kwenye uzio.

"Mmelalaje, Mama Limpho?"

"Tumelala vizuri, sijui ninyi."

"Na sisi vizuri. Nafasi yako ipo, mwenzangu. Nimekushikia tu. Ukipona nitasogea."

"Nashukuru, dada."

"Watu wanasema bega lako ni la dhahabu siku hizi." Mathakane alicheka, akabadilisha ndoo mkono. "Ukilipwa utatuona kweli? Si utapita na gari utupulizie vumbi?"

"Nitakupakia, usijali."

"Haya. Mimi nakaa mbele."

Mathakane hakuwa mtu mbaya. Ila Mama Limpho alipomtazama akishuka na ndoo kichwani, mikono miwili imeinuliwa juu bila kuifikiria, alijisikia vibaya, kisha akajisikia vibaya zaidi kwa kujisikia hivyo. Hilo hakuliandika.

Mwezi Agosti alikwenda dukani kununua sukari. Sarafu zilimponyoka mkono wa kushoto zikatawanyika sakafuni, na alipopiga magoti kuziokota alishindwa kuinuka. Mwanaume mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alisema, si kwa sauti kubwa, "Asubuhi yote hii, na mama mzima, ameshalewa." Mwenye duka alitazama kando. Mama Limpho aliinuka kwa kushika mguu wa kaunta, akasahau sukari.

Mwanzoni mwa Novemba kijana wa ofisini kwa wakili alikuja kulichukua daftari ili likatolewe nakala, moja ya watu wa bima. Kurasa mia na arobaini na mbili zilikuwa zimejaa, siku moja kila ukurasa, bila kuruka hata siku ya mazishi ya mjomba. Mama Limpho alimkabidhi likiwa ndani ya kitambaa chake, na moyoni alikuwa na fahari kidogo.

*

Mkutano na watu wa bima ulifanyika tarehe ishirini Novemba, palepale juu ya duka la samani. Limpho alimfunga mama yake blanketi la harusi, lile zuri, na pini ya fedha aliyoazima kwa Mathakane.

Upande wa pili wa meza alikaa wakili wa bima, Wakili Lebitsa, na kijana mwenye kalamu. Lebitsa alikuwa mwanamke wa rika la Mama Limpho, mwenye viatu vizuri na uso wa mtu aliyelelewa vizuri. Alisimama, akazunguka meza, akamshika Mama Limpho mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili.

"Mama, mnaishije?"

"Tunaishi vizuri, mama, sijui ninyi."

"Na sisi tunaishi. Pole kwa ngazi."

"Si kitu. Ngazi nimeziweza."

Kijana aliandika. Mama Limpho aliiona kalamu ikitembea, akashangaa, kwa kuwa mkutano ulikuwa bado haujaanza.

Wakili Phafoli aliongea kwanza, vizuri. Alieleza misumari sita, akaonyesha barua ya daktari, akasema upasuaji umepangiwa tarehe kumi na mbili Desemba kama fedha zitapatikana. Akaweka mkono juu ya nakala ya daftari. "Na hapa tuna ushahidi wa mteja wangu mwenyewe, wa kila siku, usio na pengo."

"Ndiyo," alisema Wakili Lebitsa. "Tuanze na huo." Akavaa miwani, akafungua nakala yake. "Tarehe kumi na saba Juni. *Mimi ni mzima.* Kumi na nane Juni. *Mimi ni mzima.* Kumi na tisa Juni. *Mimi ni mzima, ningefurahi kusikia kwamba nawe ni mzima.*" Alifunua kurasa nyingi kwa pamoja. "Tarehe mbili Septemba. *Mimi ni mzima.* Mama, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Kuna mtu alikulazimisha kuandika?"

"Hakuna."

"Siku mia na arobaini na mbili, na kila siku, neno la kwanza kabisa, mdai anasema ni mzima."

Wakili Phafoli alikuwa ameivuta nakala kwake. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, masikio yakimbadilika rangi.

"Hiyo ni salamu!" Limpho alikuwa amesimama. "Hiyo ni salamu tu! Kila mtu anajua!"

"Keti, binti."

"Kila mtu anaandika hivyo! Bibi yangu, mama yako, kila mtu!"

"Mama yangu pia," alisema Wakili Lebitsa bila kupandisha sauti. "Mimi najua ni salamu. Lakini silipi mimi. Anayelipa yuko Johannesburg, Kisotho hajui, atapelekewa tafsiri. Na tafsiri itaanzia pale daftari linapoanzia."

Chini, dukani, mtu alikuwa akijaribu redio.

Limpho alimgeukia Wakili Phafoli. "Hukulisoma?"

"Nilikuwa na kesi Maseru, mfululizo..."

"Hata ukurasa mmoja? Si alikuwa anakuandikia wewe! Siku mia na arobaini na mbili anakuulizia watu wa nyumbani kwako!"

"Limpho," alisema mama yake.

"Hukumjibu hata mara moja!"

"Limpho. Inatosha."

Mama Limpho alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani kama kitu alichoachiwa akitunze. Hakuwa na hasira. Alichohisi ni aibu, ileile ya dukani, ya kupiga magoti mbele ya watu. Aliwaza jinsi alivyokuwa akiifikiria nyumba ya wakili kila jioni, mke, watoto labda wawili, akiwatakia uzima kwa dhati, neno kwa neno.

"Mama," alimwambia Wakili Lebitsa, "chini ya salamu umesoma?"

"Nimesoma."

"Nisomee ya tarehe tisa Agosti. Macho yangu hayaoni vizuri."

Macho yake yalikuwa mazima. Wakili Lebitsa alifunua, akatafuta, akasoma kwa sauti ileile ya ofisini. "*Mimi ni mzima, ningefurahi kusikia kwamba nawe ni mzima. Dukani fedha zilianguka, nikashindwa kuinuka. Mtu mmoja alidhani nimelewa. Sikumwambia. Nilipofika nyumbani nilikumbuka sukari...*" Alimalizia kimoyomoyo, akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Nilizisoma zote, mama," alisema. "Siku zote, kwa usiku mbili."

"Basi wewe ndiye uliyepokea barua zangu."

Wakili Lebitsa aliivaa tena miwani. Kisha alisukuma karatasi katikati ya meza, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa. Maloti elfu kumi na mbili. Zilipwe wiki hiyohiyo. Chini yake kulikuwa na mstari uliosema kwamba mdai anakiri afya yake imerejea na hana dai lingine.

Wakili Phafoli alimwinamia Mama Limpho, sauti nzuri imemkauka. "Chukua, mama. Tukienda mahakamani ni miaka miwili, mitatu. Na hilo daftari watalisoma tena. Elfu kumi na mbili ni fedha."

"Zinafika Bloemfontein?"

"Hazifiki."

"Na nikikataa, Desemba nitafika?"

"Hutafika. Bega litaganda, mama. Ndiyo ukweli."

Limpho alikuwa akilia bila sauti. Elfu kumi na mbili zingelipa ada ya mwaka, Mama Limpho alilijua hilo, na alijua kwamba Limpho pia alilijua na asingelisema. Alimgeukia binti yake.

"Wewe unasemaje?"

Limpho alijifuta uso kwa mkono wote. "Wanataka uandike umepona."

"Ndivyo wanavyotaka."

"Usiandike."

Mama Limpho aliirudisha karatasi upande wa pili kwa kidole kimoja. "Salamu nilitoa kwa heshima, mama," alimwambia Wakili Lebitsa. "Sahihi siyo salamu."

Walishuka ngazi ishirini na moja. Walipofika penye daraja la mto Limpho alisema kwamba pini ya Mathakane imelegea, akasimama akaikaza.

*

Tarehe kumi na mbili Desemba ilipita ikiwa Alhamisi. Wakili Phafoli alikuwa amepeleka hati mahakamani, safari hii bila kudai ada ya mwanzo. Siku aliyopiga simu kueleza, alianza kwa kuuliza watu wa nyumbani wanaishije, akasubiri jibu. Alisema pia daftari liendelee, ila lianze na ukweli.

Limpho alinunua jipya, jekundu. Mama Limpho aliandika tarehe kwenye ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo kalamu ilisimama. Kuanza moja kwa moja na bega ilikuwa kama kuingia nyumba ya mtu bila kubisha, mpaka chumbani, na viatu vya matope. Alikaa nalo siku tatu, likiwa na tarehe tatu na hakuna kitu chini yake. Kila alipoanza, mkono wenyewe ulitaka kuandika mimi ni mzima.

Siku ya nne Limpho aliondoka kukiwa bado giza, kwa kuwa Krismasi ilikaribia na malori yalikuwa yamejipanga mpaka kituo cha mafuta. Hakutaka kumwamsha mama yake. Mvua ilikuwa imenyesha, na Mama Limpho alipoamka nyumba ilikuwa baridi. Alijivika blanketi begani. Alilishika kwa meno, akaitafuta pini kwa kushoto, akajaribu kuichomeka bila kuona. Ilianguka. Akainama, ikasukumwa na kidole cha mguu chini ya kabati. Akatoka nje mlangoni hivyohivyo, blanketi limeshikwa kifuani kwa ngumi, upande mmoja ukiburuta kwenye tope.

Mathakane alikuwa akipita kwenye uzio na ndoo kichwani, amechelewa.

"Mmelalaje, Mama Limpho?" alisema, tayari ameshapita hatua mbili.

"Vibaya."

Hatua zilisimama. Mathakane aligeuka na ndoo yake, polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Umesemaje?"

"Sikulala. Linaniuma, Mathakane. Linaniuma kila siku tangu Machi. Na blanketi siwezi kulifunga."

Mathakane aliangalia chini, barabara ya mpakani, ambako madereva walikuwa wanaamka na njaa. Akamtazama tena yule mwanamke mlangoni. Kisha aliishusha ndoo, akaiweka kwenye majani kando ya uzio, makwenya yake yakitoa moshi, akafungua lango.

"Pini iko wapi?" aliuliza.

"Chini ya kabati."

Akaingia ndani, akapiga magoti sakafuni, akaitafuta.